Nihame Lyrion, au tatizo liko kwingine?

Swali: Natumia Lyrion Music Server, ile iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server, kwenye kompyuta ndogo ya Linux. Muziki uko kwenye diski ya nje: albamu kama 1,400, nyingi FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza ubora), nyingine MP3, na chache ni rekodi nilizozitoa kwenye kaseti. Nina pleya tatu: Squeezebox Touch sebuleni, na kompyuta ndogo mbili za Raspberry Pi zenye programu ya piCorePlayer, moja jikoni na moja chumbani. Mambo matatu yamenichosha. Albamu zinagawanyika, utakuta moja imejitokeza mara nne au tano kwenye orodha. Chumbani muziki unakatika-katika, hasa faili kubwa. Na nikitoka nyumbani sisikii chochote. Wapo wanaoniambia programu hii imeshakufa, nihamie Roon, seva ya muziki ya kulipia. Wengine wanasema Navidrome, seva nyingine ya muziki. Nihame?

Jibu: Usihame bado. Katika malalamiko yako matatu, la kwanza liko kwenye tagi za faili zako (maelezo ya albamu, msanii na mwaka yaliyoandikwa ndani ya faili), la pili liko kwenye Wi-Fi, na la tatu peke yake ndilo linaloihusu programu. Hilo nalo linatibika kwa kuweka programu nyingine pembeni, bila kuigusa uliyonayo. Ukihamia Roon kesho, muziki wa chumbani utakatika vilevile, na albamu za kaseti zitabaki vurugu. Navidrome ndiyo usiseme: albamu iliyogawanyika mara tano kwenye Lyrion inaweza kugawanyika mara kumi na mbili huko.

Tuanze na hili la kufa, maana linawatisha watu bure. Logitech ilinunua kampuni ya Slim Devices mwaka 2006, ikaacha kutengeneza Squeezebox mwaka 2012, na mapema mwaka 2024 ikazima huduma ya mysqueezebox.com. Vilivyokufa ni hivyo: vifaa vipya na huduma ya mtandaoni. Seva yenyewe ni programu huria, na mwaka huohuo wa 2024 ilipewa jina la Lyrion na kuendelea kutolewa na watumiaji na watengenezaji wake wa kujitolea. Redio za intaneti na huduma za kulipia zilizokuwa zikipitia mysqueezebox.com sasa zina plagini (viongezo vya programu) zinazozungumza na huduma hizo moja kwa moja. Kama bado uko kwenye toleo la 7.9, basi kweli kuna vitu vimekukatikia. Panda hadi toleo la 9 kabla ya kutoa hukumu yoyote, na ukishapanda washa plagini ya Material Skin, kisha ufungue anwani ya seva kwenye poti 9000 ukiongeza `/material` mwishoni. Wengi wanaosema Lyrion ni ya kizamani wameuona ule ukurasa wake wa asili tu.

Mfumo wowote wa muziki wa nyumbani una tabaka nne. Kuna faili na tagi zake. Kuna seva inayozisoma na kuzipanga. Kuna pleya inayopokea mtiririko na kuupeleka kwenye amplifaya. Na kuna rimoti, yaani programu ya simu au ukurasa wa kivinjari. Kuhama kunabadilisha tabaka la pili na la nne. Faili, pleya, nyaya na Wi-Fi unahama navyo, kama mtu anayehama nyumba na kitanda chenye kunguni. Kwa hiyo kila lalamiko lipelekwe kwanza kwenye tabaka lake.

Albamu zinazogawanyika

Seva inakutana na faili mojamoja, halafu inakisia zipi ni za albamu moja kwa kulinganisha tagi. Chagua albamu moja inayokusumbua, ingia kwenye folda yake, andika:

`metaflac --show-tag=ALBUM --show-tag=ALBUMARTIST --show-tag=ARTIST --show-tag=DATE *.flac`

Utapata orodha ya faili zote na tagi hizo nne. Soma kwa jicho la karani. Mara nyingi utakuta ALBUMARTIST haipo, au ipo kwenye nyimbo sita na haipo kwenye nne. Utakuta ARTIST ya wimbo wa tatu ina jina la msanii mwalikwa lililoungwa na "feat." Utakuta ALBUM moja ina nafasi tupu mwishoni, au imeongezewa "(Disc 1)". Wakati mwingine mwaka ni 1987 kwenye nyimbo za upande mmoja na 2003 kwenye upande wa pili, kwa sababu faili zilitoka kwenye matoleo mawili.

Hapa ndipo tofauti ya programu inapoonekana, na si kwa namna unayoitarajia. Lyrion huangalia pia folda: nyimbo zenye jina moja la albamu zikikaa folda moja na wasanii wakatofautiana, mara nyingi huichukulia albamu hiyo kuwa mkusanyiko. Navidrome haijali folda hata kidogo, inategemea tagi. Kwa kawaida yake hutambua albamu kwa namba ya MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya mtandaoni, kama ipo. Kama haipo, hutumia msanii wa albamu, jina la albamu, toleo na tarehe ya kutolewa. Pasipo na ALBUMARTIST huchukua ARTIST, kwa hiyo kila mwalikwa anazaa albamu yake. Roon ina njia ya tatu: huilinganisha albamu na hifadhidata yake ya mtandaoni na kukuwekea majina, majalada na wasifu wa wasanii juu ya tagi zako. Kwa albamu zilizouzwa kwa wingi inafanya kazi nzuri sana. Lakini rekodi ya kaseti haimo kwenye hifadhidata hiyo, basi Roon nayo inarudi kwenye tagi zako zilezile.

Tiba ni kusafisha tagi, na ni kazi ya mikono. Mp3tag, Kid3 au MusicBrainz Picard, yoyote itafaa. Tengeneza kwanza nakala ya albamu ishirini ufanyie mazoezi, usiingie kwenye 1,400 moja kwa moja. Kila folda, chagua faili zote kwa pamoja, weka ALBUMARTIST moja, ALBUM moja, DATE moja. Albamu ya diski mbili: jina la ALBUM libaki lilelile, tofauti ikae kwenye DISCNUMBER. Mkusanyiko wa wasanii wengi: ALBUMARTIST iwe jina moja utakalolitumia siku zote kwa herufi zilezile, na COMPILATION iwe 1. Mwalikwa muandike kwa ARTIST ya pili, maana FLAC inaruhusu tagi hiyo kurudiwa, au msogeze kwenye jina la wimbo.

MP3 zina ugonjwa wao wa ziada. Msanii wa albamu hukaa kwenye fremu iitwayo TPE2, na kwenye mipangilio ya Lyrion kuna kisanduku cha kuamua fremu hiyo isomwe hivyo, kikague. Faili za zamani zinaweza kuwa na tagi za aina mbili ndani yake, ID3v1 na ID3v2, zisizokubaliana. Ukiona jina la albamu limekatwa katikati ya neno, hesabu herufi: zikiwa 30, hiyo ni ID3v1, kwa sababu ndiyo nafasi yake yote. Ifute, ubaki na ID3v2.

Kwa kaseti, usimwachie Picard akisie. Hutambua wimbo kwa alama ya sauti, na pasipo na wimbo huo kwenye hifadhidata anaweza kukuletea albamu nyingine kabisa yenye jina linalokaribiana. Ziandike kwa mkono: ALBUM, ALBUMARTIST, TRACKNUMBER, basi.

Ukimaliza, kuna mtego mmoja unaowafanya watu waamini kazi yote imepotea bure. Skani (seva kuzipitia faili upya) ya "mpya na zilizobadilika" hutambua badiliko kwa saa ya faili na ukubwa wake. Programu nyingi za tagi zina chaguo la kuhifadhi saa ya zamani ya faili, na FLAC huwa na nafasi tupu iliyotengwa kwa tagi, kwa hiyo ukubwa nao haubadiliki. Matokeo yake seva inapita juu ya faili uliyoisafisha bila kuiona. Zima chaguo hilo, au uagize skani kamili inayofuta na kuanza upya. Skani hiyo haifuti muziki wala hesabu za nyimbo ulizosikiliza. Hizo zina hifadhi yake, nitazigusa baadaye.

Chumbani kunakokatika

Hapa hesabu inasema yote. Sauti ya CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili: megabiti 1.4 kwa sekunde kabla ya kubanwa, na FLAC huishusha hadi karibu 0.9. Faili ya biti 24 na kilohertzi 192 ni megabiti 9.2 kabla ya kubanwa; ikishakuwa FLAC chukulia 5 hadi 6. Squeezelite, ambayo ndiyo pleya iliyomo ndani ya piCorePlayer, kwa mipangilio yake ya awali ina bafa mbili, yaani akiba za muda za data: kilobaiti 2,048 za mtiririko uliobanwa na 3,446 za sauti iliyokwisha kufunguliwa. Kwa wimbo wa CD hiyo ni akiba ya kama sekunde 28. Kwa faili ya 192, akiba hiyohiyo inaisha ndani ya sekunde tano hivi. Kwa hiyo Wi-Fi ikizubaa sekunde nane, jikoni kwenye wimbo wa CD muziki hautakatika, lakini chumbani kwenye faili kubwa kutakuwa kimya.

Kabla ya kulaumu seva, fanya jaribio moja. Ng'oa Pi ya chumbani, ipeleke karibu na ruta, iunganishe kwa kebo ya mtandao, cheza albamu ileile nzima. Isipokatika, seva haina hatia, na Roon itakatika palepale, tena pengine zaidi, kwa sababu kwa kawaida hutuma sauti ikiwa imeshafunguliwa, bila mbano wa FLAC.

Ukitaka namba, tumia iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao: endesha `iperf3 -s` kwenye seva, weka kompyuta mpakato pale ilipokaa Pi, uandike `iperf3 -c` ikifuatwa na anwani ya seva, kisha `-R` ili data itiririke kutoka seva kwenda chumbani, na `-t 300` ili jaribio lidumu dakika tano. Usiangalie wastani wa mwisho. Angalia mistari ya kila sekunde. Wastani wa megabiti 40 wenye sekunde kadhaa za sifuri ni mbaya kuliko 20 iliyotulia.

Kuhusu tiba, kebo inashinda kila kitu, na kama kuna njia yoyote ya kuifikisha, usisome aya hii. Isipowezekana, tazama Pi yako ni ipi. Raspberry Pi 3B inashika bendi ya gigahertzi 2.4 tu, ile inayogombaniwa na majirani, simu na jiko la maikrowevu. 3B+ na 4 zinashika 5. Kama ni 2.4 tu, weka ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11 badala ya kuiacha ijichagulie, na upana wa megahertzi 20. Zima hali ya kubana nishati ya Wi-Fi kwa `iw dev wlan0 set power_save off`. Kagua adapta ya umeme: Pi isiyoshiba umeme hupunguza kasi yake, na Wi-Fi inakuwa ya kwanza kuyumba. Halafu kwenye ukurasa wa Squeezelite ndani ya piCorePlayer, panua bafa hadi `16384:16384`. Hiyo inaipa faili ya 192 akiba ya zaidi ya nusu dakika. Bafa kubwa inaziba mashimo ya sekunde chache tu. Kama wastani wa mtandao uko chini ya mahitaji ya faili, itachelewesha ukimya, haitauondoa.

Ikishindikana kabisa, weka kikomo cha sampuli kwenye pleya hiyo kiwe 96000. Seva itapunguza faili za 192 yenyewe kabla ya kuzituma, kwa programu ya SoX, na mzigo wa mtandao unashuka kama nusu. Sikio halitakulalamikia. Touch yako ya sebuleni inafanyiwa hivyohivyo siku zote, maana haipokei zaidi ya kilohertzi 96, na ukiunganisha vyumba vyote vitatu vicheze pamoja, kikomo cha Touch kinakuwa cha kundi zima.

Kuchelewa kwa wimbo wa kwanza baada ya ukimya mrefu, sekunde tano hadi kumi hivi, ni jambo jingine: hiyo ni diski ya nje iliyolala ikiamka. Jaribu `hdparm -S 0` kwa diski hiyo, ingawa vikasha vingine vya USB havisikii amri hii.

Maadamu tumetaja vyumba kucheza pamoja: hili ndilo jambo ambalo ukihama unaweza kulipoteza bila kujua. Kila pleya ina saa yake ya kioo. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 kati ya milioni, vyumba vinaachana milisekunde 3 kila dakika, yaani milisekunde 180 kwa saa, na huo ni mwangwi unaosikika wazi ukisimama kwenye korido. Lyrion inazipima pleya zake muda wote na kuzirekebisha kidogokidogo, na Roon nayo inafanya hivyo kwa pleya zinazotumia itifaki yake. Mifumo ya UPnP/DLNA, itifaki za jumla za kutuma muziki kwa vifaa vya chapa mbalimbali, kwa kawaida haina kitu hicho. Hata kuunganisha nyimbo bila pengo ni hiari kwenye UPnP: kuna pleya zinazokubali kupewa wimbo unaofuata mapema, na kuna zisizokubali. Ukishawishiwa kuhamia huko, jaribu kwanza albamu ya onyesho la jukwaani ambayo makofi yanavuka kutoka wimbo hadi wimbo.

Kusikiliza ukiwa nje

Hili ni lalamiko halali. Lyrion ilitengenezwa kwa pleya za nyumbani, na kuisikiliza kwenye simu ukiwa mbali inawezekana lakini haipendezi. Navidrome imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta yako ndogo haitajua kama kuna mgeni, na inaelewana na programu nyingi za simu zinazotumia itifaki ya Subsonic: Symfonium kwa Android, Amperfy kwa iPhone. Zote mbili zinapakua albamu kwenye simu ili usikilize pasipo mtandao.

Iweke kwa Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani eneo lake lililotengwa, juu ya folda ileile ya muziki, kwa ruhusa ya kusoma tu:

`docker run -d --name navidrome --user $(id -u):$(id -g) -p 4533:4533 -v /mnt/muziki:/mnt/muziki:ro -v /srv/navidrome:/data -e ND_MUSICFOLDER=/mnt/muziki deluan/navidrome:latest`

Ile `:ro` ndiyo bima yako: Navidrome haiwezi kuandika wala kufuta chochote kwenye muziki. Folda ya `/srv/navidrome` iwe mali ya mtumiaji uliyemtaja, la sivyo kontena litakufa mara tu likiwaka. Na ona kwamba njia ya folda ndani ya kontena nimeiacha iwe sawa na ya nje, badala ya `/music` inayopendekezwa kwingi. Sababu ni orodha zako za nyimbo. Lyrion huziandika kama faili za M3U zenye njia kamili, mfano `/mnt/muziki/Jazz/...`. Folda ya orodha hizo ikiwa ndani ya folda ya muziki, Navidrome huziingiza yenyewe, ila nyimbo zitapatikana tu kama njia hizo zipo kwa jina hilohilo upande wake. Watu wanakesha wakihariri M3U kwa sababu ya jambo hili dogo.

Ukiwa nje, iambie programu ya simu iombe Opus (sauti iliyobanwa zaidi) ya kilobiti 128. Saa moja ni megabaiti 58 hivi. FLAC ya CD kwa saa hiyohiyo ni kama 400. Kinachobana ni kasi ya kupakia ya intaneti ya nyumbani, si ya kupakua, kwa hiyo ipime kabla.

Usifungue poti 4533 kwenye ruta. Wala 9000 ya Lyrion, hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kwa mipangilio yake ya awali haidai nywila. Tumia VPN, yaani mtandao wa siri kati ya simu na nyumbani: WireGuard, au Tailscale kama mtoa huduma wako wa intaneti hakupi anwani ya umma, hali ya kawaida kwenye intaneti ya laini za simu. Simu ikishaingia kwenye mtandao huo wa siri, anwani ya Navidrome inabaki moja, uwe ndani au nje.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba hesabu za usikilizaji zinakaa sehemu mbili zisizojuana. Kama zina maana kwako, ziambie zote mbili zitume kumbukumbu kwenye akaunti moja ya Last.fm.

Roon basi inamfaa nani

Inamfaa mtu anayependa kufuata nyuzi: kutoka mpiga besi wa albamu hii kwenda rekodi zake nyingine, kutoka mtunzi kwenda waimbaji wote waliorekodi kazi yake. Hakuna programu ya bure inayoifikia kwa hilo. Ni ya kulipia, kwa mwezi, kwa mwaka au mara moja kwa maisha, na inadai akaunti na uthibitisho wa leseni kupitia intaneti. Kwenye Linux seva yake inataka prosesa ya Intel au AMD ya biti 64, na hifadhidata yake ikae kwenye SSD, isiwe kwenye ile diski yako ya nje. Raspberry Pi zako zinaweza kuwa pleya tu. Marekebisho unayoyafanya ndani ya Roon yanabaki kwenye hifadhidata ya Roon, hayaandikwi kwenye faili. Mtu akisafisha albamu 1,400 humo kisha akaacha kulipa, faili zake ziko kama zilivyokuwa. Ndiyo maana nasisitiza tagi zisafishwe kwenye faili, hata kwa anayehama.

Sauti bora isiwe sababu. Seva inayotuma faili bila kuigusa kwenda DAC ileile (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti) inatoa biti zilezile, iwe Lyrion au Roon. Anayesikia tofauti, mara nyingi programu moja imewasha ReplayGain (usawazishaji wa ukubwa wa sauti za nyimbo) na nyingine haijawasha, au sauti imepanda desibeli moja. Zima vyote, weka sauti ya programu kwenye 100, urudie.

Na kama shida yako ingekuwa spika za chapa mchanganyiko, AirPlay hapa na Chromecast pale, ningekutaja Music Assistant, inayozidhibiti zote pamoja na pleya za Squeezelite. Lakini vikundi vya spika za itifaki tofauti mara nyingi haviendi pamoja kwa usahihi, na wewe huna shida hiyo.

Ukiamua kuijaribu Roon licha ya yote

Kwanza hifadhi kile ambacho hakimo kwenye faili. Kwenye Debian na ndugu zake, simamisha Lyrion, kisha nakili `/var/lib/squeezeboxserver/prefs` na `/var/lib/squeezeboxserver/cache/persist.db`. Hiyo persist.db ndiyo yenye alama ulizozipa nyimbo na idadi ya mara ulizosikiliza, library.db iliyo pembeni yake hujengwa upya kila skani kamili, haina haja ya nakala. Kumbukumbu hizo zimefungwa kwenye njia ya faili, au kwenye namba ya MusicBrainz ya wimbo kama ipo. Ukibadilisha majina ya folda wakati wa kusafisha kwenye faili zisizo na namba hiyo, hesabu zinarudi sifuri. Safisha tagi, acha folda zilipo. Kama alama za nyimbo ni muhimu, plagini ya Ratings Light inaweza kuzitoa kama faili za orodha, na orodha inasomeka kokote.

Jaribu kwa muda wa majaribio wanaoutoa kabla ya kulipa, na uanze kuuhesabu baada ya tagi na Wi-Fi kutengemaa. Vinginevyo utautumia wote ukichunguza magonjwa yaleyale. Isakinishe kwenye kompyuta nyingine, si ile ya Lyrion. Roon inaweza kuichezesha Touch yako na Squeezelite pia, kwa kuwasha chaguo la Squeezebox kwenye mipangilio yake, lakini hapo inadai poti 3483, ambayo Lyrion imeshaishika. Programu mbili haziwezi kuishika kwenye mashine moja. Zikiwa kwenye mashine mbili, pleya inaweza kurukia seva yoyote itakayoitikia kwanza, kwa hiyo kwenye piCorePlayer jaza anwani ya seva unayoitaka kwenye sehemu ya LMS IP badala ya kuiacha wazi. Anza na Pi ya jikoni peke yake. Touch iache kwa Lyrion hadi siku ya mwisho ya majaribio, ili nyumba isikose muziki wakati wewe unajaribu.